Somo: Kusanifu kituo cha pampu ya majitaka bila kuanzia kwenye katalogi

Ujumbe ninaoupata mara nyingi ni huu: "Nataka kujenga kituo cha pampu, niweke mota ya kilowati ngapi?" Hapo mtu ameanzia mkiani. Jua kwanza maji yanayoingia, kisha bomba yatakamopita, kisha shimo la kuyakusanyia kabla ya kusukumwa, ndipo ufungue katalogi ya pampu. Tuchukue mfano mmoja tuende nao: makazi ya watu 3,000, majitaka yapande mita 12 na kusafiri mita 600 hadi kwenye chemba ya mtandao mkuu.

Hatua ya 1: Maji yanayoingia

Kwa lita 150 kwa kila mtu, unapata mita za ujazo 450 kwa siku, yaani wastani wa lita 5.2 kwa sekunde. Ila watu hawaogi kwa wastani. Alfajiri mtaa mzima uko bafuni, usiku wa manane ni vyoo vichache tu. Kanuni ya Harmon inasaidia kujua kilele ni mara ngapi ya wastani: tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya watu kwa maelfu, ongeza 4, gawanya 14 kwa jibu hilo, kisha ongeza 1. Kwetu inatoka 3.4, kwa hiyo kilele ni karibu lita 18. Weka lita 2 za maji ya ardhini yanayopenya kwenye maungio, tufanye 20.

Hatua ya 2: Bomba la kupandisha

Ukiweka bomba la milimita 100, maji yatakimbia mita 2.5 kwa sekunde na msuguano peke yake utakula kimo cha karibu mita 48, yaani pampu itafanya kazi kama inayapandisha maji mita 48 zaidi. Ukiweka la 150, mwendo unashuka hadi mita 1.1 na msuguano hadi mita 6.6 hivi. Bomba unalinunua mara moja, umeme unaulipia kila siku, kwa hiyo hapo sibishani na mtu. Basi si tuweke 250 kabisa? Hapana. Mwendo utakuwa mita 0.4, na chini ya 0.6 au 0.7 mchanga na mafuta huanza kutulia ndani ya bomba.

Kimo cha jumla: 12 za kupanda, 6.6 za msuguano, 1.4 za kona na vali. Mita 20.

Hatua ya 3: Shimo

Hapa ndipo vituo vingi huharibika, na ndipo watu hupita haraka.

Ujazo unaotuhusu ni ule ulio kati ya usawa wa pampu kuwaka na usawa wa kuzima. Mota haipendi kuwashwa kila mara, maana kila ikianza inavuta umeme mwingi na kupata joto. Tuseme tunaruhusu kuwaka mara 6 kwa saa, yaani mzunguko mmoja usipungue sekunde 600. Hali mbaya zaidi si kilele. Ni pale maji yanayoingia yanapokuwa nusu ya uwezo wa pampu. Zidisha sekunde 600 kwa lita 20, gawanya kwa 4: lita 3,000. Hakikisha mwenyewe: yakiingia lita 10 kwa sekunde, shimo linajaa kwa sekunde 300 na kukauka kwa sekunde 300. Kwenye shimo la kipenyo cha mita 2.5, hizo lita 3,000 ni kina cha sentimita 61 tu.

Mtu ataniambia aongeze ukubwa "kwa usalama". Angalia kwanza usiku. Ikiingia lita 1 kwa sekunde, shimo hilo linachukua dakika 50 kujaa, na bomba la mita 600 lina mita za ujazo 10.6 ndani yake. Maji yaleyale yanakaa bombani karibu saa tatu kabla ya kutoka. Ukilipanua shimo mara tatu, majitaka yanaoza humo humo, na gesi inayotoka inakula zege.

Sakafu uipe mteremko wa digrii 45 au zaidi kuelekea kwenye pampu, tope lisipate pa kulala. Na kama maji ya ardhini yako juu, piga hesabu ya kuelea. Shimo letu likizama mita 5 ndani ya maji hayo, linasukumwa juu kwa nguvu ya tani 24 na zaidi. Likiwa tupu na jepesi, linanyanyuka kama mtumbwi.

Hatua ya 4: Pampu, sasa

Lita 20, mita 20, ufanisi wa asilimia 60: kilowati 6.5 kwenye shafti. Chukua mota ya 7.5. Weka pampu mbili, kila moja iweze kazi yote peke yake, zipokezane. Kwenye grafu ya pampu, sehemu yako ya kazi (lita 20 kwa mita 20) iwe karibu na kilele cha ufanisi. Kitu cha milimita 75 au 80 kiweze kupita ndani yake, maana matambara hayasomi michoro.

Hatua ya 5: Vali na mtu atakayeshuka

Vali zikae kwenye chemba yake pembeni, si ndani ya shimo. Niliwahi kukuta kituo ambacho kufunga vali moja kulitaka mtu ashuke mita 5 kwa ngazi iliyooza. Sulfidi ya hidrojeni ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na ikizidi huua pua isinuse tena. Pampu zipande kwa reli na mnyororo, fundi abaki juu.

Maswali ya wanachama

*Mhandisi, shikamoo. Pampu yangu inawaka na kuzima kila dakika mbili. Mota ina shida?*

Marahaba. Usiiguse mota bado. Subiri saa ambayo maji hayaingii, pampu ikizima tazama usawa. Usawa ukipanda papo hapo, vali ya kuzuia maji kurudi inavuja na unasukuma maji yaleyale. Usawa usipopanda, angalia maboya yanayowasha na kuzima pampu: huenda yamefungwa karibu mno.

*Hesabu hizi zinafaa kwa maji safi pia?*

Bomba na kimo, ndiyo. Ila pampu ya maji safi mara nyingi hukaa nje ya maji na kuyavuta. Hewa, hata usawa wa bahari, haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10.3, na kwa vitendo hata 7 ni shida. Iweke chini ya usawa wa tangi, hutasikia ile sauti kama ya kokoto inayotoka ndani ya pampu ikivuta maji kwa shida.

*Umeme ukikatika bomba linapiga kishindo. Nimeambiwa ninunue kifaa cha kuwasha mota taratibu.*

Kifaa hicho kinasaidia pampu inapowaka, au unapoizima mwenyewe. Umeme ukikatika nacho kimekufa. Maji yaliyokuwa yanapanda yanageuka na kuigonga vali. Tafuta vali inayofunga haraka kabla hayajageuka, weka vali za hewa kwenye vilele vya bomba, na kama bomba ni refu, tangi la mgandamizo (lenye hewa iliyobanwa, linalopokea kishindo) karibu na pampu. Nitumie mchoro wa mwinuko wa bomba lako, nijue vilele viko wapi.