Kabla Hujailaumu Tabo: Namna Ninavyosaka Oili Inayovuja

Mteja akiniambia "fundi, tabo yangu imekufa, inatema oili," huwa sibishani naye. Tabo ni kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini, na feni yake huisukumia injini hewa zaidi. Nachukua tochi na kitambaa cheupe, nafungua boneti. Mara nyingi tabo imelowa kweli, chepechepe. Lakini kulowa siyo kuvuja. Mtu aliyesimama chini ya mchirizi wa paa naye amelowa, na hakuna anayesema mvua imetoka kwake.

Anza na dipstiki, kijiti cha kupimia oili, gari ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa kitambo. Andika oili iko wapi. Kama imepita alama ya juu, usipuuze, tutairudia. Jioni tandika kadibodi chini ya injini, asubuhi soma matone. Ya kahawia au meusi ni oili ya injini. Mekundu yanayoteleza mara nyingi ni ya gia ya otomatiki au ya usukani. Nimeshaona tabo ikishitakiwa kwa kosa la usukani.

Mara nyingi tone haliko chini ya pale linapotoka. Oili hushuka, na gari ikitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo osha. Injini ikiwa imepoa, paka dawa ya kuondoa grisi, funika alteneta na mdomo wa hewa kwa mfuko wa plastiki, suuza kwa maji yasiyo na nguvu, kausha. Endesha kama dakika ishirini, rudi na tochi, anza kutazama juu ukishuka. Unachotafuta ni mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Pakiwa pagumu kuona, nyunyiza poda ya mtoto kwenye chuma kikavu. Oili itachora njia yake yenyewe. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya na oili, inang'aa ukiimulika kwa taa ya urujuanimno (UV). Mimi huiweka akiba kwa uvujaji wa kinyonga, ule unaojificha ukiutazama.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni gasketi (kizibo bapa cha maungio) ya kava la tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Kwenye injini nyingi iko juu ya tabo, ikichoka inaidondoshea. Dalili yake ni harufu ya oili inayoungua na moshi unaotoka chini ya boneti, siyo kwenye ekzosi. Upande wa tabo unaopitisha moshi huwa moto kiasi cha kuwaka mwekundu injini ikifanya kazi ngumu. Oili ikidondokea hapo, gari isiende popote hadi itengenezwe. Gari huungua hivyo.

Kava likiwa kavu, fuata mabomba mawili ya tabo. Lile jembamba la juu huleta oili yenye presha, hivyo huvuja injini ikiwa inawaka, na oili hurushwa. Kagua washa zake za shaba, vile vipete bapa vya kwenye maungio; ukifungua bomba, weka mpya. Lile nene la chini hurudisha oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu, halina presha. Hapo gasketi ikichoka hudondosha polepole.

Hapa ndipo mafundi wengi huteleza, nami niliteleza. Ndani ya tabo hakuna sili ya mpira kama ile ya krenki, shafti kuu ya injini. Mna ringi nyembamba za chuma, jamaa za ringi za pistoni, na shafti inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ringi hizo hazizuii oili iliyojaa. Zinategemea oili ipate njia ya kushuka haraka. Njia ikiziba, oili hupenya pembeni hata kama tabo ni mpya. Najua kwa sababu nilimfungia mteja tabo mpya, ikatema oili siku hiyo hiyo. Nikamlaumu muuzaji, nikafunga nyingine, ikatema vilevile. Nilipofungua bomba la kurudishia nilikuta utepe wa gundi ya silikoni umening'inia ndani kama ulimi. Niliipaka mwenyewe, kwa mkono mpana, nikidhani naisaidia gasketi. Tabo ya pili niliilipia mimi.

Kwa hiyo kabla ya kuihukumu tabo, hakikisha bomba la kurudishia halijaziba wala kupinda, na oili haijazidi kipimo. Kisha pima pumzi ya injini. Injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, vika glavu nyembamba ya mpira mdomoni pake. Ikivutwa ndani kidogo au ikitetemeka tu, sawa. Ikivimba na kusimama kama inakusalimia, ndani mna presha: ama njia ya kupumulia, inayotoa mvuke wa ndani ya injini, imeziba, ama ringi za pistoni zimekwisha. Presha hiyo huizuia oili ya tabo kushuka.

Sasa gusa tabo yenyewe, injini imezimwa na kupoa. Vua hosi ya hewa, shika ncha ya shafti. Ikicheza pembeni kidogo ni kawaida, maana beringi zake huelea juu ya oili. Ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi waziwazi, au feni ikikwaruza ukuta wake, imekwisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya hosi usikutishe. Mvuke wa injini hupita hapo. Linganisha: hosi ya kabla ya feni ikilowa sawa na ya baada yake, oili inatoka kwenye njia ya kupumulia. Tazama na filta ya hewa, kwani ikiziba, feni hunyonya oili kutoka ndani ya tabo.

Moshi wa bluu kwenye ekzosi, dalili ya oili inayoungua, nao una namna yake. Fungua bomba la moshi baada ya tabo, chungulia. Hapo pakilowa huku njia ya moshi kabla ya tabo ni kavu, ni tabo. Kabla yake pakilowa pia, oili inatoka kwenye injini.

Gari ya dizeli ukiikuta na dimbwi la oili kwenye intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, usiiwashe. Injini inaweza kunyonya oili hiyo kama mafuta, ikanguruma hadi mwisho, na kuzima swichi hakutaisimamisha.

Ukithibitisha tabo ndiyo yenyewe, mimina oili safi kwenye tundu lake la juu kabla ya kufunga bomba, zungusha feni kwa kidole, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake mpaka taa ya oili izime. Na intakula ioshe. Ukiiacha na oili ya zamani, gari itafuka siku kadhaa, na mteja atarudi akisema hata hii mpya inavuja.