Kuunganisha somo la simu na somo la darasani: mfano wa taitresheni

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutupia notisi kwenye kundi la WhatsApp, halafu kesho yake kufundisha yaleyale ubaoni. Hapo mzazi ameongezewa gharama ya bando tu. Kinachofaa kurudiwa mara tatu nne kiende kwenye simu. Kinachotaka mkono wa mwanafunzi na jicho la mwalimu kibaki darasani.

Chukua taitresheni ya kidato cha tatu, yaani jaribio la kemia la kupima ni asidi kiasi gani inatosha kumaliza alkali. Kwenye simu peleka namna ya kujaza bureti (mrija mrefu wa kioo wenye vipimo, na koki chini), kutoa hewa iliyobaki kwenye ncha, na kusoma kipimo. Anza na mada hii moja, usiguse muhula mzima.

Rekodi video isiyozidi dakika tano. Simika bureti mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, na lenzi ya simu iwe sawasawa na usawa wa kimiminika. Ukirekodi kutoka juu, namba itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na darasa zima litajifunza kosa hilo kutoka kwako. Punguza ubora hadi 480p. Kwa wenye bando dogo andaa pia sauti pekee: kwa kilobiti 16 kwa sekunde, dakika tano ni kama KB 600. Picha ya notisi itume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huibana na maandishi madogo hayasomeki.

Kundi liweke wasimamizi pekee ndio waandike, la sivyo somo litazama chini ya salamu. Tuma siku mbili kabla ya kipindi, kwa sababu shule ya kutwa simu ni ya mzazi na hufika nyumbani jioni. Asiye na simu mpangie mwenzake wa jirani, au aangalie kwenye kompyuta ya shule saa za jioni.

Mwisho wa video uliza maswali matatu ya kujibiwa kwenye daftari. Moja litokane na video yenyewe, kwa mfano: bureti iliyoonyeshwa ilisomeka ngapi?

Siku ya kipindi cha dakika 80, tumia kumi za kwanza kupita mezani ukikagua madaftari. Ambaye hakutazama akae pembeni atazame kwenye kompyuta, kisha ajiunge na wenzake wa mezani. Usirudie somo kwa ajili yake! Ukirudia mara moja tu, hata waliotazama wataacha wiki ijayo, na mpango mzima unakufa hapo. Hili ni gumu, huruma hukuvuta, lakini shikilia.

Dakika zinazobaki ni za kazi: wanafunzi wanne kwa bureti moja, asidi kwenye bureti, alkali na matone mawili ya methili oranji kwenye flaski. Methili oranji ndiyo rangi ya kuonyesha mwisho: hutoka njano hadi chungwa, na hapo ndipo pa kusimama. Wewe zunguka. Wengi hupitiliza rangi ya chungwa hadi nyekundu kwa kuachia koki wazi. Simama nao, waonyeshe kudondosha tone moja moja karibu na mwisho.

Jioni hiyo tuma jedwali la vipimo vya makundi yote na swali moja: kipimo kipi hakilingani na vingine, na kosa lilianzia wapi? Majibu yaandikwe daftarini, yafungue kipindi kinachofuata.