Somo: Namna ya kuijaribu cherehani ya kompyuta kabla hujatoa hela

Wapendwa, swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni hili: "Fundi, nimeona cherehani ya kompyuta ina mishono 60, ninunue?" Leo nalijibu kwa kirefu, maana nawaona kinadada wanacheza vikoba mwaka mzima halafu hela yote inaishia kwenye mashine iliyokaa kabatini.

Mishono 60 isikushtue. Mimi nashona magauni ya vitenge na sare za shule, na mishono ninayoitumia haizidi sita: wa kunyooka, zigizaga, wa kuzuia kitambaa kisichanike ukingoni, wa kukunja pindo lisionekane, wa kitambaa kinachovutika, na tundu la kifungo. Mingine mingi ni maua. Kwa hiyo unapojaribu mashine, jaribu hiyo sita.

Jambo jingine la kulijua kwanza ni kilichomo ndani. Kipepeo chetu cheusi, ile cherehani ya zamani ya kukanyaga, kinaendeshwa na vyuma na mguu wako. Hii ya kompyuta ina bodi inayoziamrisha mota ndogondogo: moja inapeleka sindano kushoto na kulia, nyingine inaongoza meno yanayosogeza kitambaa. Bodi ikifa, mashine imekufa, na bei ya bodi mara nyingi inakaribia bei ya mashine nyingine. Ndiyo maana naanza na umeme.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha umeme

Kipo ubavuni au chini, karibu na pale waya unapochomekwa. Kwetu Afrika Mashariki ukutani zinatoka volti 230 hadi 240. Kibandiko kiandike 220-240V, au 100-240V ambayo inakubali zote. Ukikuta 120V, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Ukikuta 100V, ni ya Japani, na hizo ni nyingi kwenye mitumba.

Ya kwanza niliyomiliki nililetewa na mdogo wangu kutoka Marekani. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikabadilisha plagi tu, nikachomeka. Taa ya juu ya sindano iliwaka mweupe wa kuumiza macho, nikasikia "paa" ndogo kama njiti ya kiberiti, harufu ya plastiki ikajaa chumba. Sikuwa nimeshona hata inchi moja. Nililia siku hiyo, na sitaki mwingine alie.

Mashine ya volti 120 au 100 inaweza kutumika ukiwa na transfoma ya kushusha umeme. Cherehani hizi zinakula kidogo, nyingi hazifiki wati 100, kwa hiyo transfoma ya wati 200 inatosha. Ila ya Japani itafutie inayoshusha hadi 100 kamili. Zile za 110 zilizojaa madukani zinaizidi. Na hata kama mashine yako ni ya volti 230, inunulie friji gadi, kile kifaa cha kulinda vyombo vya umeme, siku hiyohiyo. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo.

Hatua ya 2: Nenda na mfuko wako

Muuzaji atakupa kitambaa chake kigumu, amekikunja mara mbili. Juu ya kitambaa hicho kila cherehani inashona vizuri. Wewe beba: vipande viwili vya kitenge vya urefu wa mita moja, upana wa kiganja, pindo la suruali kuukuu ya jinsi, lenye kile kiungo cha pembeni, kipande cha fulana, kipande cha shifoni, nyuzi mbili za rangi tofauti, kifungo, na sindano mpya. Muuzaji akikukatalia kujaribu, muage kwa adabu uende duka linalofuata.

Hatua ya 3: Washa, usishone kwanza

Ukiwasha utasikia mlio mfupi na sindano itajisogeza kidogo. Ni mashine inajipanga, usiogope. Badilisha mishono kumi hivi huku kiguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, kimeinuliwa, bonyeza kila kitufe, angalia kama skrini ina mistari iliyokufa. Kisha zungusha gurudumu la mkono, kila mara kuelekea kwako. Lizunguke laini mwanzo hadi mwisho. Likikwama mahali palepale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda ndani.

Hatua ya 4: Mshono wa kunyooka

Hapa usikimbie. Weka uzi mwekundu juu, mweupe kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Panga vile vitenge viwili sawasawa, ncha kwa ncha, shona mita nzima bila kuvivuta wala kuvisukuma, mikono ikiongoza tu. Ukimaliza angalia vitu vitatu.

Geuza kitambaa. Ukiona vidoti vyekundu upande wa chini, mkazo wa uzi wa juu umelegea. Kaza kidogo ushone tena. Usawa ukipatikana kwa kurekebisha, hakuna tatizo. Usipopatikana kabisa, tatizo lipo. Halafu tazama ncha: kitenge cha juu kikibaki kirefu kuliko cha chini kwa upana wa kidole, ujue meno na kiguu havielewani, na gauni lako litapinda mshononi kila siku. Mwisho, nyanyua mshono kwenye mwanga wa mlangoni. Unapaswa kuonekana kama uzi uliotandazwa juu ya kitambaa, usikikunje.

Sasa punguza spidi hadi mwisho na ukanyage pedali taratibu sana. Mashine nzuri ya kompyuta inatoboa kwa nguvu ileile hata ikitembea pole, sindano moja moja. Ikinguruma bila kwenda, hapana.

Hatua ya 5: Kitambaa cha jinsi

Weka sindano namba 100/16, panda juu ya kile kiungo kinene cha pindo. Kiguu kikiinua pua, mshono utajikusanya hapohapo. Kunja kipande cha kadibodi, kiingize nyuma ya kiguu ili kilale usawa, kisha endelea. Ikipita kwa msaada huo, inafaa kwa nyumbani. Lakini kama kazi yako ni suruali za jinsi kutwa, hii si mashine yako. Za nyumbani sindano hushuka kama mara 700 hadi 850 kwa dakika. Za kiwandani zinafika 5,000, na mwili wake ni chuma kitupu.

Hatua ya 6: Tundu la kifungo

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kununua cherehani ya kompyuta. Unaweka kifungo chako nyuma ya kiguu maalumu, unashusha kile kikono cha pembeni, unakanyaga, inazunguka yenyewe. Usijaribu tundu moja. Toboa matatu mfululizo kwenye kitambaa chenye gundi kama cha kola, uyalinganishe. Urefu uwe sawa, na ule mshono wa kulia na wa kushoto uwe na ukaribu mmoja. Anayeshona mashati 40 ya shule anajua tundu moja refu kuliko wenzake linavyoharibu shati zima.

Hatua ya 7: Vipuri na fundi

Uliza bobini zinapatikana wapi. Nyingi za aina hii hutumia bobini za plastiki. Ukiingiza ya chuma, au ya plastiki yenye kimo tofauti, uzi utasumbua. Uliza pia fundi wa bodi yuko mji gani. Kama jibu ni "hakuna hapa", hiyo nayo ni sehemu ya bei.

Hatua ya 8, kwa mitumba

Iache ishone dakika 20. Kuna ubovu unaojificha hadi mota ipate moto.

MASWALI

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo fundi. Je, inaweza kudarizi shingo ya kanzu?

Marahaba mwanangu. Hapana. Maua yake upana wake kwa kawaida unaishia milimita 7. Kanzu inataka mashine ya kudarizi yenye fremu inayobana kitambaa na kukisogeza. Zipo zinazofanya yote mawili, ila hiyo ni mashine nyingine na hela nyingine.

Mwanachama wa Arusha: Kwenye fulana yangu inaruka mishono, nimeambiwa bodi imekufa.

Usitoe hela bado, mdogo wangu. Badilisha sindano kwanza, weka ya ncha ya mviringo ya vitambaa vya kufuma, na utumie mshono wa kuvutika. Sindano ya kitenge inatoboa fulana vibaya.

Mwanachama wa Mombasa: Sindano za kiwandani nilizonazo zitaingia?

La. Cherehani za nyumbani zinataka sindano yenye shina bapa upande mmoja, paketi huandikwa 130/705 H. Zako za kiwandani kwa kawaida shina lake ni la mviringo.

Mwanachama wa Morogoro: Naitia mafuta kila wiki kama kipepeo?

Soma kitabu chake. Nyingi hazitaki mafuta kutoka kwako kabisa. Fungua kibati cha chini ya sindano, toa vumbi la uzi kwa brashi ndogo, basi.

Mwanachama wa Mwanza: Nikinunua, kipepeo changu nikiuze?

Usikiuze, dada. Umeme ukikatika saa mbili usiku na mteja anataka gauni asubuhi, utakirudia hichohicho. Mimi changu kiko dirishani, hii ya kompyuta iko pembeni yake, na umeme ukienda naizima swichi kabla sijahamia kiti cha pili.