Sini iliyolala: namna ya kuiamsha kwa kubunga bongo na kuandika upya

Sini, yaani tukio moja katika skripti ya filamu, ikilala ina alama moja: ukiitoa, hadithi inaendelea bila ya kuyumba. Kabla hujaigusa, iweke skripti kando siku mbili tatu. Kisha wape watu wawili waisome kwa sauti, wewe ushike saa na kalamu tu. Ukurasa mmoja wa skripti, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Ukurasa mmoja na nusu ukisomwa dakika tatu, mara nyingi mna salamu na maelezo humo. Salamu zetu ni ndefu, na hiyo ni heshima, lakini kwenye skripti zinakula muda. Acha zile zinazofanya kazi tu. Mdogo asiyeitikia salamu ya mkubwa wake ameshasema mengi.

Tuchukue mfano wa Wete, Pemba. Hamad amekodisha mikarafuu ya urithi bila ya kumwambia dada yake. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

NDANI – UKUMBINI, WETE – MCHANA

HAMAD: Assalamu alaykum.
SALMA: Waalaykumu ssalam. Kaka, umekodisha mikarafuu ya marehemu baba bila ya kunambia!
HAMAD: Nilikuwa na shida ya pesa.
SALMA: Umenidhulumu! (Analia.)

Hakuna kosa la lugha hapo, wala hakuna la kutazama. Kila mmoja anasema lote alilonalo moyoni, na mtazamaji habakishiwi kazi yoyote. Tena ndugu wa Pemba, wenye mama yao chumba cha pili, hawaanzi hivyo. Huanza kwa fumbo.

Andika sentensi moja juu ya sini: nani anataka nini, kwa nani, sasa hivi. Neno "sasa hivi" ndilo linalosahauliwa. "Salma anataka haki yake" ni filamu nzima. "Salma anataka Hamad akiri kwa mdomo wake kabla hajaondoka" ni sini. Halafu weka alama ya kujumlisha au ya kutoa mwanzoni na mwishoni: hali ya Salma imekuwa nzuri zaidi au mbaya zaidi? Alama zikiwa sawa, sini haijatembea. Ama uibadili, ama jambo lake moja la maana ulihamishie kwenye sini ya jirani na mengine yote ufute.

Sasa ndiyo ubunge bongo. Karatasi, kalamu, dakika 15, mawazo 20 ya namna sini hiyo inavyoweza kwenda. Hufuti hata moja, likiwa la kijinga vipi. Mkiwa kikundi, watatu au wanne wanatosha: mmoja anaandika, na ni marufuku mtu kusema "hiyo haiwezekani" mpaka saa iishe, kwa sababu akikatwa mmoja, wengine wote huanza kupima maneno yao. Mawazo matano sita ya mwanzo yatakuwa yale yale ambayo kila mtu ameshayaona: kofi, simu inaita, mtu anasikiliza nyuma ya mlango, mwengine anazimia. Yaandike yatoke. Kazi inaanza baada ya hapo.

Ukikwama, badilisha kitu kimoja kimoja. Mahali: wapeleke pale wasipoweza kupayuka, kwenye khitma ya baba yao, ndani ya daladala, mbele ya sheha (kiongozi wa mtaa). Muda: adhana imekaribia na Hamad atapata kisingizio cha kuondoka. Kitu cha mkononi: Hamad amemletea dada yake doti ya kanga, na Salma anasoma jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kimyakimya. (Kanga ni mtego. Jina lisiposomeka kwenye picha na asiwepo wa kulisoma, fumbo limepotea.) Mwisho, nani anajua nini: Je, Salma ameshajua na anamjaribu tu?

Chuja kila wazo kwa maswali matatu. Linamzidishia mhusika ugumu? Linatokana na maisha yake, au limeanguka kutoka mbinguni? Tunaweza kulishuti? Katika mawazo 20, kwa mfano huu, yanabaki mawili yanayooana: Salma ameshajua, na karafuu zimeanikwa uani huku mvua inakuja. Karafuu zikirowa na kulala na maji huchachuka, rangi hupauka na bei hushuka. Jamvi zima halinyanyuliwi na mtu mmoja. Wamegombana, na wanahitajiana mikono.

NJE – UANI, WETE – ALASIRI

Wingu zito. Salma na Hamad wanashika ncha za jamvi la karafuu, wananyanyua. Salma hatembei.

SALMA: Kaka, ile ya bondeni tunaanza lini kuchuma?
HAMAD: Mvua hiyo, Salma.
SALMA: Nauliza ili nitafute wachumaji.

Tone linaanguka juu ya karafuu.

HAMAD: Wachumaji wapo.
SALMA: Wa nani?

Hamad anatazama karafuu. Salma anaachia ncha moja.

Neno "kukodisha" halimo, na sini inakatwa kabla hatujajua kama karafuu zitaokolewa. Sharti lake ni kwamba mtazamaji awe ameshaona, sini mbili tatu nyuma, mgeni akihesabu mikarafuu ile. Bila ya hivyo, "Wa nani?" ni swali la kawaida tu.

Kosa linalorudi sana katika kuandika upya ni kuongeza kelele badala ya kizuizi. Watu wanapiga makelele zaidi, lakini hakuna kipya kinachowazuia. Jengine ni kuandika kisichoonekana: "Salma anakumbuka utoto wake." Kamera haikumbuki. Mpe kitu cha kufanya.

Fikiria na kushuti. Mvua haiagizwi, kwa hiyo andika tone juu ya karafuu, linalodondoshwa kwa kopo la maji na kupigwa picha kwa karibu, si mafuriko ya ua mzima. Ufukweni hesabu maji: kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na pwani kama Jambiani bahari hurudi mbali sana. Sini ya kurasa nne yenye bahari nyuma ikishutiwa asubuhi nzima, ukiiunga maji yatakuwa yanaruka mbele na nyuma. Ifupishe, au wageuze wahusika waelekee minazi.

Ukimaliza, soma tena sini iliyotangulia na inayofuata. Kama kwenye hiyo inayofuata Hamad bado anamficha Salma habari ya mikarafuu, nayo inataka kuandikwa upya.