Namna ya kuokota maneno yenye akili mu wimbo, mu mpira na mu vitabu

Nunua kakaye (daftari) kadogo, kakae mu mfuko. Ukisikia wimbo ya Mwenda Jean-Bosco, ule wa gitaa wa kwetu Katanga, rudilia ile mustari inakushika roho, iandike na siku yake na kile kilikuwa kinakusumbua. Kwa wachezaji, mi naonaka maneno ya kisha kushindwa njo inabeba uzito: mu Kombe ya Dunia ya vilabu 2010, Mazembe, timu ya Lubumbashi, balipiga Internacional ya Brazil 2-0, kisha fainali ya Abu Dhabi Inter ya Italia ikabapiga 3-0, basi tafuta maintavyu ya ile siku ya fainali, kule mutu anasema bila kujipamba. Kitabu soma paji (ukurasa) muzima, juu sentensi ya kukatwa inatembea ku WhatsApp mara mingi hata si ya ule mwandishi. Rafiki akiwa na shida, fungua kaye umusomee.