Pistoni mpya kwenye boda: kilomita 50 za kwanza

Silinda ikishapanuliwa na kuwekwa pistoni kubwa, usiiache boda ikinguruma stendini nusu saa ati izoee. Hapo ndipo ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, huharibika. Ringi hukazwa ukutani na presha ya mwako inayozisukuma kutoka nyuma; injini isipovuta kazi presha ni ndogo, mikwaruzo midogo iliyoachwa makusudi ukutani mwa silinda inalainika kabla ringi hazijakaa, na oili inaanza kupita. Ndio ule moshi wa buluu.

Ipashe moto dakika 2 au 3, kisha toka. Mlima wa kupanda Ngong unafaa kuliko Thika Road, ambako utashika mwendo mmoja. Gia ya 3, fungua mafuta hadi nusu, achia kabisa boda ipunguze mwendo yenyewe, rudia mara kumi hivi. Bila abiria.

Oili ya kawaida, si sinthetiki. Imwage ikiwa moto baada ya kilomita 50 (utaona chembe za chuma zikimetameta), tena kwa 500. Fungua plagi ya cheche utazame ncha yake: kahawia ni sawa, nyeupe, petroli haitoshi, weka jeti kubwa (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) upesi kabla pistoni haijayeyuka. Na jeti iliyopimwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, itakuwa ndogo ukishuka Mombasa.