Namna ya Kulifaidi Picha la Kikannada "Avane Srimannarayana"

Picha hili la mwaka 2019 lina dakika 186, na ndani yake mna kauboi, vichekesho, ngumi, hazina iliyofichwa na visasili vya Kihindu. Wanaoliacha njiani mara nyingi ni wale wanaosubiri liamue kuwa kitu kimoja. Haliamui, na hapo ndipo utamu wake ulipo: mzaha unaingia katikati ya hatari, hatari inarudi kabla kicheko hakijaisha.

Anza na sauti. Chagua Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka nchini India. Toleo lililotiwa sauti za Kihindi lipo, na aliyezoea picha za Kihindi atalikimbilia, lakini lugha hizi mbili hazina hata ukoo mmoja; Kikannada ni cha jamii ya Kidravidi. Stelingi, Rakshit Shetty, ambaye pia ni mmoja wa walioandika hadithi, anachekesha kwa utulivu wa sauti yake wakati mitutu imemwelekea. Sauti ya mtu mwingine ikipachikwa juu, mzaha huo unapotea.

Tafsiri ya maandishi ikichelewa, mzaha unakufa vilevile. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, katika kompyuta ya Windows bonyeza G kuyawahisha maandishi, H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde moja ni mibonyezo 20. Rekebisha mapema, kabla mazungumzo hayajashika kasi.

Majina nayo yana kazi. Narayana, polisi wetu, ana jina la mungu Vishnu. Lakshmi, mwandishi wa habari, ana jina la mke wa Vishnu. Mji wa Amaravati una jina la makao ya Indra, mfalme wa miungu. Kabla ya kuketi, soma kisa cha miungu na mashetani kuikoroga bahari ya maziwa, nyoka Vasuki akiwa kamba, ili wapate amrita, kinywaji cha kutokufa. Dakika tano zinatosha. Bila kisa hicho utaona watu wanagombania mali tu.

Usichelewe mwanzo. Waigizaji wa jukwaani wanaiba hazina, genge la Abhira linawaua, na siri ya mahali ilipo inabaki kitendawili. Tangu hapo, kila kinachohusu jukwaa na muziki wao kiangalie kwa makini, hata kama kinaonekana ni pambo. Simu iweke mbali. (Kauboi Krishna akitokea, mtazame vizuri: ni Rishab Shetty, aliyekuja kuongoza na kuigiza "Kantara" mwaka 2022.)

Ukilazimika kuligawa siku mbili, kata kwenye mapumziko yaliyowekwa katikati ya picha, si kwingine. Siku ya pili, kabla ya kuendelea, rudia tukio la wizi wa hazina, kwa sababu fumbo linafunguliwa kwa vitu ulivyovipita pale.